Nissan X-Trail iliyotumika: namna ya kuikagua, na bili zinazokusubiri hapa Dar

Nilinunua X-Trail yangu Jumapili saa mbili asubuhi, maeneo ya Mwenge. Ilikuwa imeoshwa mpaka matairi yanang'aa, kiyoyozi kinapuliza ubaridi wa Makambako, na dalali anafungua milango taratibu kama anafunua sinia la pilau. Tukazunguka nayo Sam Nujoma, tukarudi. Haikutetereka. Nikalipa.

Wiki ya tatu, saa saba mchana, foleni ya Ubungo, watoto wawili nyuma na mama yao pembeni yangu. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linatambaa tu kama limepakia saruji. Bodaboda zinapita, konda wa daladala anatuchungulia kwa huruma. Nikasogea pembeni, nikazima. Baada ya dakika arobaini nikawasha, likaondoka kama si lenyewe.

Ndipo nilipoanza kulisoma gari ambalo nilikuwa nimeshalilipia. Na jambo kubwa nililojifunza nitalirudia mpaka ulichoke: magonjwa ya gari hili huonekana likiwa na moto. Likilala usiku kucha, asubuhi ni zima. Bei nilizoweka humu ni za risiti zangu na za majirani wawili wenye gari kama langu. Dukani utakuta zimepanda au zimeshuka kidogo. Zichukue kama kipimo cha kumjua anayetaka kukupiga.

Hatua ya 1: Jua unanunua X-Trail ipi

Zilizojaa mtaani ni T31, kizazi cha pili, kilichoanza 2007 na kuipisha T32 mwishoni mwa 2013. Ukitaka kuitofautisha na T30 ya zamani, chungulia dashibodi: T30 mita zake ziko katikati, T31 ziko mbele ya dereva. Kisha fungua boneti usome kibati cha chasisi. NT31 ni ya cc 2000 inayovuta magurudumu yote manne. T31 bila herufi mbele inavuta ya mbele tu. TNT31 ni cc 2500. DNT31 ni ya dizeli.

Kwa familia ya Dar nashauri cc 2000, injini ya MR20. Ile ya 2500 ina raha barabara ya Morogoro, lakini mjini inakunywa, na kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani, ushuru wa bidhaa wa TRA hupanda injini ikivuka cc 2000. Gari lililozidi miaka minane nalo lina ushuru wake wa ziada, na T31 zote zimeshavuka huko. Ya dizeli ina nguvu tele, ila bomba lake la moshi lina chujio la masizi linalohitaji mwendo mrefu wa kasi ili lijisafishe. Anayepeleka watoto shule Sinza na kurudi hana mwendo huo.

Yangu inakwenda kilomita 8 kwa lita kwenye foleni, na karibu 12 nikitoka mjini. Anayekuambia 15 anauza.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya spana

Omba kadi ya gari halisi, ulinganishe namba ya chasisi na ya injini na zile za garini kwa macho yako, si kwa picha ya WhatsApp. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani. Faini hufuata gari, na mnunuzi ndiye anayesimamishwa. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA. Andikishianeni mkataba kwa wakili, wote muwe na TIN, kisha mpeleke uhamisho wa umiliki TRA mapema. Gari linalotembea miaka mitatu kwa jina la "yule mzee aliyehamia Tanga" ni kesi inayosubiri siku yake.

Kama limeingia nchini hivi karibuni, omba cheti cha kusafirishia gari kilichotolewa Japani. Kinaonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho huko. Kama kinasema 131,000 na dashibodi inasema 78,000, umeshajua unazungumza na mtu wa aina gani.

Hatua ya 3: Dakika kumi za kunusa na kugusa

Vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho wake. Gari lililozama Jangwani au Mkwajuni wakati wa masika linaweza kubadilishwa makapeti na kupigwa manukato, lakini ni wachache wanaokumbuka kuosha mkanda mpaka ndani. Ukikuta mstari wa tope mkavu kule mwisho, aga kwa adabu. X-Trail nyingi za Japani zina sakafu na viti vya kufutika visivyonywa maji, kwa hiyo kapeti kavu pekee lisikupe imani.

Lala chini uangalie tumbo la gari. Kutu hutoka pande mbili: hewa ya bahari kwa magari ya Kigamboni na Kunduchi, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji kwa yaliyotoka kaskazini ya Japani. Kutu ya juu juu kwenye bomba la moshi si neno. Kutu inayobanduka kwa kucha kwenye fremu inayoshika miguu ya mbele ni neno kubwa.

Ukiwa hukohuko chini, tazama kama masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba, yapo. Kuna gereji gari liliingia kwa sevisi likatoka bila masega, na mwenye gari akaja kujua miaka miwili baadaye. Kwenye dashibodi, washa swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa usishangilie. Kuna mtu ameichomoa au ameiziba.

Hatua ya 4: Likague likiwa na moto

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo usiharakishwe.

Kwanza fika mapema kuliko mlivyokubaliana. Weka kiganja juu ya boneti. Kama ni la moto, mwenye gari ameliwasha kabla yako. Muulize kwa nini. Liwashe mwenyewe likiwa la baridi, usikilize sekunde tano za mwanzo. Injini ya MR20 inatumia cheni ya taimingi, haina mkanda wa kubadilisha, lakini cheni iliyolegea hupiga kelele za minyororo unapowasha asubuhi, kisha hunyamaza. Wenye magari mengi huiita "kawaida yake". Cheni na vikaza vyake, pamoja na kufunga, jirani yangu alilipa 650,000.

Kisha liendeshe saa nzima. Ndiyo, saa nzima, mchana, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mwenye gari akikataa, sema utaweka petroli ya 20,000. Njia ninayoipenda ni Mandela kuelekea Buguruni, ambako foleni haikosi, kisha nirudi nipande vilima vya Makongo kwenda Goba. Foleni huipasha giaboksi, kilima huipima.

Giaboksi ya T31 nyingi zilizoletwa kutoka Japani ni CVT. Haina gia za meno kama ulizozoea. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili, na kinachozibana puli hizo ni shinikizo la oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayoupa mkanda mshiko na ndiyo inayoupoza. Ikichoka au ikiwa si ya aina yake, mkanda unateleza, unakwangua puli, na chembe za chuma zinazunguka na oili kama mchanga kwenye ugali. Oili ikipata joto kupita kiasi, kompyuta inaibana nguvu injini ili kuiokoa giaboksi. Ndiyo ile X-Trail yangu ya Ubungo: haikuwa imeharibika dakika ile, ilikuwa inajitetea.

Udhaifu huu si maneno ya vijiweni. Nchini Marekani Nissan iliongeza dhamana ya CVT kwenye magari yake kadhaa ya miaka ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000, na kati ya hayo lilikuwamo Rogue, ndugu wa karibu wa T31.

Unachosikilizia wakati unaendesha:

Mlio mwembamba unaopanda na mwendo, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Mtetemo unapoondoka taratibu, hasa kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, kama unapita juu ya rasta ambazo hazipo. Mshale wa mizunguko ya injini unaoruka juu bila mwendo kuongezeka. Na baada ya ile saa nzima, simama pahala tambarare, kanyaga breki, toa P weka R, hesabu. Toa R weka D, hesabu. Likikawia zaidi ya sekunde mbili kushika, au likishika kwa kishindo, hesabu giaboksi kwenye bei.

Sasa injini ikiwa inanguruma na giaboksi ina moto, mwambie fundi wako achomoe kijiti cha kupimia oili ya CVT. Kina kikofia chenye kufuli dogo, na ukiona fundi hajui kilipo, umepata jibu kuhusu fundi pia. Dondoshea oili kwenye tishu nyeupe. Oili ya NS-2, ile ya Nissan inayotakiwa kwenye CVT hii, ikiwa mpya ni ya kijani. Iliyotumika kiungwana hugeuka hudhurungi ya chai ya rangi, bado nyepesi, haina harufu. Ikiwa nyeusi na inanuka kama mafuta yaliyokaanga maandazi wiki nzima, au ukiigeuza juani unaona inametameta kama rangi ya kucha, acha hilo gari.

Yangu ilipofunguliwa, iliyotoka ilikuwa na wekundu. Fundi wangu wa Tabata akaichovya kidole, akainusa, akanitazama.

"Bosi, hii giaboksi haijafa. Imeuawa."

Aliyekuwa nalo kabla yangu aliwekewa oili ya kawaida ya gia za otomatiki, ile nyekundu. Kopo la lita 4 la NS-2 nilinunua 130,000. Hiyo nyekundu unaipata kwa robo ya pesa hiyo. Mtu aliokoa laki moja, mimi nikalipa milioni mbili. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: giaboksi iliyotumika kutoka Japani 1,600,000, ufundi 200,000, makopo mawili ya NS-2 260,000, machujio 60,000, mashine ya kusomea kompyuta ya gari 40,000. Jumla 2,160,000. Ile ya mashine usiikwepe. Kila giaboksi ya aina hii huja na vipimo vyake vilivyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ndani yake, na kompyuta ya gari lazima ivisome upya. Ukifunga na kuondoka, giaboksi nzima itabadilisha mwendo kama mgonjwa.

Mashine hiyohiyo itumie kabla hujanunua. Mwambie anayepima asikusomee makosa ya injini tu. Aingie upande wa giaboksi, asome kihesabio cha uchakavu wa oili ya CVT. Kikizidi 210,000, kwa utaratibu wa Nissan oili inatakiwa kubadilishwa. Namba ndogo sana kwenye gari la zamani inamaanisha oili imebadilishwa karibuni, au mtu amekifuta kihesabio. Kijiti na tishu vitakuambia ni lipi kati ya hayo. Kipimo hiki kilinigharimu 40,000, kwenye gari la pili, la shemeji yangu. Kwenye la kwanza nilikuwa mjanja.

Hatua ya 5: Injini na maji yake

MR20 ni injini ngumu ukiipa oili safi na maji safi. Hapa Dar tatizo ni hayo ya pili. Watu wanajaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vingi vya mjini vina chumvi; ukiionja tu unaijua. Miaka miwili baadaye rejeta imejaa ukoga wa kahawia, na sehemu zake za plastiki za juu na chini zimepasuka kwenye maungio. Rejeta mpya isiyo ya kampuni nilipata 240,000. Kulanti lita 4 ni 35,000. Linganisha mwenyewe.

Injini ikiwa imepoa, na nasisitiza imepoa, fungua kifuniko cha rejeta. Rangi iwe ya kijani, buluu au waridi, inayopitisha mwanga. Kahawia ni kutu. Ukiona utando kama maziwa ya mgando hapo au chini ya kifuniko cha oili, maji na oili vimekutana: gasketi ya silinda hedi imekwenda, au pabaya zaidi. Washa kiyoyozi na uhakikishe feni zote mbili za mbele zinazunguka. Feni moja ikifa, barabara kuu hutajua, upepo unasaidia. Foleni ya Tazara ndiyo itakayokuambia.

Halafu thamostati. Mafundi wengi wa hapa wana dawa moja ya gari linalochemsha: kuitoa thamostati na kuitupa. Gari linaacha kuchemsha kwa muda, na ugonjwa wenyewe unaendelea kimya kimya huku injini ikichelewa kupata moto na kula mafuta zaidi. Uliza moja kwa moja, "Thamostati ipo?" Ukijibiwa kwamba kwa joto la Dar haina kazi, weka akilini kwamba kuna kitu kilikuwa kinachemka.

Plagi nazo zina kisa chake. Kwenye MR20 ya T31 huzifikii mpaka uondoe bomba kubwa la kuingizia hewa lililolala juu ya injini, kwa hiyo ufundi ni 40,000 hadi 60,000 hata kama plagi zenyewe ni nne. Na ukuta wa tundu la plagi kwenye hedi ni mwembamba. Fundi anayekaza kwa nguvu za mkono bila spana ya kipimo anaweza kuupasua, maji yakaanza kuvuja kwenda ndani ya silinda. Nunua plagi za iridiamu orijino, nililipa 30,000 kila moja, ubaki hapohapo wakati zinafungwa. Gereji bubu ya chini ya mwembe inaweza kumwaga oili vizuri tu. Kazi hii usiipeleke huko.

Likitetemeka likiwa limesimama, au sailensa, yaani mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta, inapanda na kushuka, mara nyingi ni uchafu kwenye mlango wa hewa ya injini. Kuusafisha ni 30,000. Baada ya hapo kompyuta lazima ifundishwe upya kiwango cha sailensa kwa mashine. Bila hivyo utaondoka na gari linalonguruma kama linataka kupaa, na fundi atakuambia linahitaji sensa. Sensa ya kuhesabu mizunguko ya injini kweli hufa kwenye magari haya: gari linazima ghafla likiwa na moto, likipoa linawaka. Ni 70,000 na nusu saa ya kazi. Gari lilinizimikia mara mbili Mwananyamala kabla sijaibadilisha, na mtu wa kwanza aliyelitazama alitaka kuniuzia pampu ya mafuta.

Hatua ya 6: Miguu

Ukikaa Goba, Madale, Kimara ya ndani au Chanika, miguu ndiyo utakayoizoea kuliko yote. Pita juu ya matuta polepole, vioo vikiwa chini, redio imezimwa. Kugonga kwa "tok-tok" mbele ni viungo vya kisawazishi, vile vifimbo vyembamba: 30,000 kimoja, nusu saa kila upande. Kulia kama kitanda cha chuma unapokata usukani ukiwa umesimama ni kitako cha juu cha shokapu na beringi yake, ugonjwa wa kuzaliwa wa T31: 60,000 kila upande. Bushi za mkono wa chini ukizibadilisha pekee ni 25,000 moja na kazi ya kuzisukuma kwa mashine. Mkono mzima mpya ni 120,000, na mimi huchagua mkono mzima kwa sababu boljointi inakuja nayo. Mvumo unaoongezeka na mwendo na kubadilika unapoyumbisha usukani ni beringi ya gurudumu, nayo huja na habu yake: 150,000.

Shokapu mpya za ubora wa kati nilinunua 160,000 moja. Zilizotumika zinauzwa kwa nusu yake, nami nilijaribu. Zilidumu masika moja. Baada ya kazi yoyote ya miguu nenda kapime uelekeo wa matairi, 20,000, vinginevyo matairi mapya yataliwa upande.

Matairi yote manne yawe ya saizi moja na uchakavu unaokaribiana, hasa kwenye NT31, maana tofauti ya mzunguko huusumbua mfumo wa kuvuta magurudumu manne. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye kashata nzuri lakini umri wa miaka minane ni la kutazama, si la kupandia Kitonga.

Hatua ya 7: Kiyoyozi na vidude

Kiyoyozi kikipoza unapokwenda na kuleta joto ukisimama, rudi kwenye feni kabla hujakubali kujaziwa gesi. Gesi pekee ni 50,000 na haipungui bila tundu. Kompresa iliyotumika ni 350,000. Mshale wa mafuta kudanganya ni wa kawaida kwa T31. Langu husema nusu tangi mpaka robo, kisha linakumbuka. Redio ya Kijapani inaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar hutazipata mpaka ufungiwe kibadilisha mawimbi. Navigesheni itaendelea kukuelekeza Osaka. Haya yote yapuuze wakati wa kununua, ila yataje kwa sauti wakati wa kupatana bei.

Hatua ya 8: Tenga fungu kabla hujatoa pesa ya gari

Kanuni yangu: ukiwa na milioni 20, tafuta gari la milioni 17. Hizo tatu hazihesabiwi kama akiba. Ni sehemu ya bei ambayo muuzaji hajaitaja. Siku ya kwanza, hata kama gari linatembea kama hariri, badilisha oili ya injini na chujio (mimi 110,000), oili ya CVT na machujio yake, kulanti yote, na plagi kama hakuna karatasi ya kuonyesha zilibadilishwa lini. Andaa karibu 700,000. Miezi kumi na minne ya kwanza, ukiacha giaboksi, mimi nilitumia 2,480,000, na nusu yake ilikwenda kwenye miguu.

Spea za T31 zipo tele Kariakoo upande wa Gerezani, na Ilala. Nenda na fundi wako, lakini lipa mwenyewe, udai risiti ya EFD. Kwa kifaa kikubwa kilichotumika, kama giaboksi, waandike kwenye risiti namba ya kifaa na siku za kukijaribu, kisha kipige alama yako ya rangi hapohapo dukani. Kikirudishwa, hakuna ubishi wa "hiki si chetu". Duka nililonunua mimi lilinipa siku saba kwa mdomo; nikawaomba waandike, wakaandika, na uso wa muuzaji ulikunjamana kidogo.

Nao walio na wasiwasi na CVT huniuliza wanunue nini badala yake. RAV4 za miaka ya 2000 ni ngumu, ila epuka zenye maandishi ya D-4 kwenye injini: upigaji wake wa petroli wa moja kwa moja huziba kwa masizi, na pampu yake ni ghali. Harrier "tako la nyani" na Kluger za cc 2400 ni tulivu, lakini kagua kama zinachemsha, maana nyuzi za bolti za silinda hedi kwenye hizo injini hulegea. Zile za miaka ya baadaye zina tabia ya kula oili. Forester inashika barabara kuliko zote, ila injini zake nyingi za rika hilo zina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita 100,000, na fundi wa Subaru si kila mtaa anapatikana.

Hatua ya 9: Ukishakuwa nalo

Oili ya injini kila kilomita 5,000, kwa sababu saa za foleni hazionekani kwenye odometa. Oili ya CVT mimi nabadilisha kila 30,000. Kumwaga kwa nati ya chini hutoa karibu nusu tu ya iliyomo, kwa hiyo mara ya kwanza narudia baada ya wiki mbili. Nimeongeza kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta, 220,000 pamoja na kufunga, na tangu hapo Ubungo napita mchana bila kusali.

Kila jioni ya Ijumaa naliegesha juu ya kipande cha boksi la karatasi, Jumamosi asubuhi nakitazama kabla ya chai. Tone jeusi ni oili ya injini. La rangi iliyokolea ya kulanti, utelezi kidogo na utamu puani, ni rejeta au pampu ya maji. Kijani au hudhurungi jepesi katikati ya gari ni giaboksi, na siku hiyo siendi popote kabla ya kupima kijiti. Maji meupe yasiyo na harufu, upande wa abiria wa mbele, ni ya kiyoyozi. Hayo yaache yadondoke.